Maelezo tele, hoja iko wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niliandika insha ndefu kuhusu kipindupindu cha London mwaka 1854 na kazi ya daktari John Snow. Imerudi na maneno haya pembeni: "Umesimulia, hujajenga hoja." Mbona nilifuata mpango: utangulizi, kiini, hitimisho?
Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hayo ni majina ya sehemu tu. Hata insha mbovu inazo. Mpango wa hoja huanzia kwenye sentensi moja ambayo msomaji makini anaweza kuibishia. "Snow alichunguza kipindupindu", nani ataibishia? Jaribu hii: "Ushahidi mzito zaidi wa Snow ni wale ambao hali yao ilitofautiana na ya majirani zao."

Sasa mwite mpinzani. Snow alidai kwamba kipindupindu huenezwa na maji machafu, lakini wakati ule wengi waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa chafu. Mwonyeshe vifo vilivyosongamana kuizunguka pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street, atakujibu: naam, hewa ya mtaa huo ilikuwa mbaya. Aya zako zote za vifo hazimgusi. Kinachomgusa ni nyumba ya kutunzia maskini iliyokuwa pale pale karibu, yenye watu zaidi ya 500 na kisima chake yenyewe. Walikufa watano tu. Kinachomgusa pia ni wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani, waliokunywa bia badala ya maji ya pampu na kunusurika. Na ni mjane aliyeishi Hampstead, mbali na hewa hiyo, aliyeletewa maji ya pampu ile kwa sababu alipenda ladha yake. Akafa. Mjane huyo mweke mwisho, maana ndiye anayemtoa jasho mpinzani wako. Utoto wa Snow futa bila huruma.

Kabla ya kuandika upya, orodhesha sentensi ya kwanza ya kila aya kwenye karatasi moja. Zikianza na "kisha" na "baadaye", bado unasimulia. Zikipanguliwa na kupangwa vyovyote bila hasara, hoja haijaanza kutembea.

Halafu mpini wa pampu, uliong'olewa Septemba 8 ili watu wasichote maji yake. Nadhani umeandika kwamba ndio uliokomesha ugonjwa. Wanafunzi hawaachi kuupenda huo mpini. Snow mwenyewe alikiri kwamba maambukizi yalikuwa yameshapungua sana, watu wengi wakiwa wameukimbia mtaa. Ukilificha hilo, mpinzani atalifukua. Liseme mwenyewe kwenye aya ya pingamizi, sentensi mbili zinatosha.