Jibu: Onyesho la ushairi la Wairani na Wazungu

Ndugu, umeuliza kama kuna onyesho la ushairi ambalo Wairani na Wazungu walilitengeneza pamoja kweli, si upande mmoja kualikwa tu kupamba kazi ya mwingine. Lipo, tena kwangu mimi halijapata mfano: Orghast, lililochezwa mwaka 1971 kwenye tamasha la sanaa la Shiraz, mji wa Iran.

Peter Brook, mwongozaji maigizo wa Uingereza, alishirikiana kuliongoza na Arby Ovanessian wa Iran. Mshairi Mwingereza Ted Hughes alibuni lugha mpya kabisa, na Mahin Tajadod akaleta Kiavesta, lugha ya maandiko matakatifu ya Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Iran. Kilikuwemo pia Kigiriki cha kale, na Kilatini.

Sehemu ya kwanza ilichezwa Persepolis, magofu ya mji wa kale wa wafalme wa Uajemi (Iran ya leo), mbele ya kaburi la mfalme lililochongwa mwambani. Mpira wa moto uliteremshwa kutoka juu ya jabali, maana kisa kinamhusu Prometheus wa hekaya za Kigiriki, aliyeiba moto wa miungu. Lakini mimi hunisisimua zaidi sehemu ya pili, kule Naqsh-e Rostam, jabali lenye makaburi ya wafalme karibu na Persepolis, iliyofika hadi alfajiri. Waliingiza mistari ya Aeschylus, Mgiriki wa kale aliyeandika tamthilia juu ya Waajemi kushindwa vitani, na juu ya mzimu wa mfalme wao Dario kuitwa kutoka kaburini. Na kaburi la Dario mwenyewe liko palepale!