Vita ya Sudan kwenye mchezo wa mezani?

Ndugu zangu wa Tanga, mmeuliza kama mchezo wenu wa mezani uchukue vita ya Sudan inayoendelea. Inawezekana, ila ugumu hauko kwenye ramani, uko kwenye pointi. Mkitoa pointi 5 kwa kuteka mji na wakazi wasihesabiwe popote, njia rahisi ya kushinda itakuwa kuuzingira El Fasher, mji wa Darfur magharibi mwa Sudan, na kufunga njia za chakula. Huko watu wamekufa njaa kweli, na ndugu zao wanaweza kuukuta mchezo wenu. Raia wawekeeni kete zao, na kila zamu mji unapozingirwa, aliyeuzingira apoteze pointi 2. Jaribuni mara kumi. Kuzingira kukiendelea kulipa, ongezeni pointi za kupoteza.

Halafu nguvu za kete za majeshi. Vita ilianza Aprili 2023 kati ya jeshi la Sudan na wanamgambo wa RSF, na kila upande unatangaza hesabu zake za askari na hasara. Ukizibeba zilivyo, umeshachagua upande.

Mimi ningeanza na Tanga yenyewe, Novemba 1914, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walishusha askari wapatao 8,000 Ras Kasone, wengi wao Wahindi. Wajerumani walikuwa na kama 1,000, wengi wao Waafrika, na bado walioshuka walirudi melini. Kete zikionekana zote, 8 kwa 1, mshambuliaji hashindwi kamwe. Kwa hiyo zilazeni kifudifudi, na anayetaka kupeleleza alipe zamu nzima. Wachezaji wengi watakuwa na haraka, wataingia mjini bila kupeleleza, kosa lilelile la 1914.