IST inalia ta-ta-ta asubuhi: kabla hujampa mtu "akaze tapeti"

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ. Asubuhi nikiwasha inalia ta-ta-ta ya haraka haraka. Ikishapata moto sauti inapungua sana, ila nikipanda mlima inasikika tena kidogo. Oili ipo kwenye alama na taa yake haiwaki. Fundi mmoja anasema tapeti zimelegea, atazikaza kwa nusu saa. Mwingine anasema nimwage oili yangu nyepesi ya 5W-30 niweke nzito ya namba 40 kwa sababu injini imezeeka. Nimfuate yupi? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Usimfuate hata mmoja, Mwalimu.

Huyo wa nusu saa nianze naye, maana nakutana na kazi za wenzake kila mara. 1NZ haina skrubu ya kukazia tapeti. Tapeti zake ni vikombe vya chuma vinavyokaa kati ya kamshafti (mhimili unaosukuma valvu) na valvu zenyewe, yaani vizibo vya kuingiza hewa na kutoa moshi, na nafasi yake inarekebishwa kwa kutoa kikombe na kuweka kingine cha unene tofauti. Vikombe vinapishana kwa milimita 0.02, na namba ya unene imegongwa upande wa ndani. Ili ukifikie, ufungue kava, ulegeze cheni, unyanyue kamshafti, kisha urudishe kila kitu kwenye taiming yake. Huyo na bisibisi lake atakaza nini? Mara nyingi wanafungua kava, wanafuta futa, wanafunga, unalipa.

Tena dalili zako hazinipeleki kwenye tapeti kwanza. Sauti kubwa injini ikiwa baridi, inayofifia chuma kikipata moto na kurudi injini ikibeba mzigo, mimi naitafutia kwenye manifoldi ya ekzosi, yaani bomba la chuma linalopokea moshi kutoka kwenye injini. Gasketi ikichoka au boliti ikikatika, moshi unapenya pale kwa vishindo, na sauti yake unaweza kuapa ni tapeti. Chuma kikitanuka kwa joto, upenyo unaziba.

Kabla hujawasha asubuhi, toa lile bati la kukinga joto, mulika tochi pale manifoldi inapokutana na silinda hedi (kichwa cha injini). Unatafuta mchirizi mweusi wa masizi, kama kidole cha mkaa, umeanzia kwenye gasketi au kwenye mzunguko wa boliti. Ukiuona, umemaliza kutafuta. Usipouona, chukua mpira wa maji wa kama mita moja, ncha moja sikioni, nyingine ipitishe kwenye maungio injini ikiwa sailensa (inanguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta), bila kugusa chuma na mbali na feni na mikanda. Panapovuja utasikia chaf-chaf-chaf.

Kisha, injini ikinguruma, mwambie fundi achomoe soketi ya noseli (kinyunyizio cha petroli) moja moja. Achomoe noseli, siyo koili ya cheche, maana ukikata cheche petroli mbichi inakwenda kuunguza katalitiki, kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Sauti ikipotea au ikibadilika silinda moja ikikatwa, chanzo ni mlipuko wa silinda hiyo: ekzosi, plagi iliyolegea, au konrodi (mkono unaoshika pistoni), na hiyo ya mwisho sikuombei. Isipobadilika kabisa, ndipo tuanze kuzungumzia valvu. Na noseli zenyewe hulia tik-tik nyepesi siku zote. Kuna watu wamefunguliwa injini kwa sauti hiyo ya kawaida.

Valvu hazikisiwi kwa sikio. Nafasi yake inapimwa kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), injini ikiwa imepoa: za kuingiza hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa moshi 0.25 hadi 0.35. Fundi asiye na fila geji asikuguse kava.

Kinachonichosha zaidi ni hii imani kwamba injini ikinyamaza imepona. Valvu yenye nafasi kubwa kidogo inalia, inakera, lakini inafunga vizuri. Iliyobana hailii kabisa. Haikai sawasawa kwenye siti yake, haipati pa kutolea joto, inaungua ukingo, na siku moja silinda inakosa kompresheni (mgandamizo wa hewa). Kwa hiyo mtu "aliyeiua sauti" kwa kubana nafasi amekupa ukimya wa miezi michache na kazi ya kushusha silinda hedi.

Oili namba 40 ni ndugu ya ujanja huo. Hiyo VVT-i ya IST (mtambo unaobadili muda wa valvu kufunguka) na kitaitishia cha cheni vinaendeshwa kwa presha ya oili inayopita kwenye vitundu vyembamba na kachujio kadogo. Oili nzito inachelewa kufika huko asubuhi, saa ambayo injini inaihitaji kuliko zote. Ni kweli oili nzito inapoza sauti kwa muda, hata ya beringi ya konrodi inayokufa, na madalali wanalijua hilo vizuri. Gari linamwagiwa oili nzito na chupa ya "dawa ya injini", linawashwa mapema, mteja akifika anakuta injini tulivu imeshapata moto. Ukienda kununua gari, weka kiganja juu ya boneti kabla hujaambiwa liwashwe. Kukiwa na moto, rudi kesho yake bila taarifa.

Na sauti ikiwa nzito, go-go-go, ikizidi injini inapopata moto, au taa ya oili ikipepesa kwenye sailensa, zima hapo hapo na uvute gari. Usiongeze oili nzito ili "ufike tu". Watu wamefika Chalinze, konrodi ikatoboa bloku.

Wewe, Mwalimu, baki na 5W-30 na filta halisi, maana feki nyingi zinaachia oili irudi yote sampo, chini kabisa ya injini, usiku. Ukikuta masizi, weka gasketi mpya ya manifoldi na boliti zilizokatika zitolewe. Fundi akija na tyubu ya silikoni ya kupaka hapo, mrudishie.