Kifundo kimevimba: kimeteguka au kimevunjika?

Shikamoo dokta. Mimi ni mpagazi, naishi Moshi. Tukishuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka nilikanyaga jiwe, mguu ukapinda kwa ndani. Kifundo kimevimba lakini natembea kwa kuchechemea. Wenzangu wanasema ukiweza kutembea hujavunjika. Ni kweli?

Marahaba, na pole sana. Si kweli. Mfupa mwembamba wa upande wa nje ukipata ufa, mtu anaweza kuutembelea siku kadhaa, maana uzito mwingi wa mwili hubebwa na ule mnene wa ndani. Uvimbe nao hauamui. Kano, yaani nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa, zikichanika, mguu unaweza kuvimba na kuvilia damu hadi vidoleni bila mfupa kuguswa.

Jipime hivi, kwa njia ambayo madaktari wa Ottawa, Kanada, waliitangaza mwaka 1992. Weka kidole gumba kwenye ncha ya kifundo cha nje, kisha panda nacho kwa upande wa nyuma kama sentimita 6, ukibonyeza mfupa wenyewe, si nyama. Rudia upande wa ndani. Halafu bonyeza kinundu cha mfupa kilicho katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na mfupa ulio mbele kidogo ya kifundo cha ndani, juu ya upinde wa wayo. Pakiuma hata sehemu moja tu kati ya hizo, nenda kapigwe eksirei. Nenda pia kama ulishindwa kupiga hatua 4 pale pale ulipoumia na hata sasa huziwezi. Maumivu yakiwa kwenye nyama laini tu, mbele na chini ya kifundo cha nje, mara nyingi ni kano.

Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asijipime hivi, kwa sababu kutosikia maumivu hakumwambii chochote. Na wewe, hata ikiwa ni kano, usipokee mzigo wa safari ijayo kwa kuogopa kukosa nafasi. Najua hali ilivyo, lakini kano iliyochanika ikibebeshwa kilo 20 mlimani haiponi.

Mwanangu wa miaka 11 aliumia akicheza mpira. Bibi yake anamkanda kwa maji ya moto na chumvi, kisha anamchua. Inafaa? (Mama, Kaloleni, Arusha)

Mshukuru bibi, ila mwombe aache. Siku 2 au 3 za mwanzo joto na kuchua huongeza damu inayovuja ndani, na kama mfupa umevunjika kuchua kunaweza kuusogeza. Tumia barafu, hata ile ya duka la jirani, iliyofungwa kwenye kipande cha kanga. Iweke dakika 15 hadi 20, uiondoe, urudie baada ya saa 2 au 3. Mfunge bandeji ya kuvutika bila kukaza sana, na akilala mguu ukae juu ya mto.

Kwa mtoto nina hofu zaidi. Sehemu ya mfupa inayokua ni dhaifu kuliko kano zake, hivyo kinachoitwa kuteguka kinaweza kuwa mfupa, na eksirei ya siku ya kwanza isionyeshe kitu. Akilia ukibonyeza mfupa, mpeleke leo.

Jana nimefungwa hogo (plasta ngumu ya kushika mfupa). Vidole vimevimba na mguu unawaka moto. Nivumilie? (Bodaboda, Sakina)

Usivumilie. Inua mguu juu kuliko kifua. Vidole vikiwa vya baridi, vimebadilika rangi au vimekufa ganzi, au maumivu yanapanda kila mara mtu anapokunyoosha kidole, rudi hospitali usiku huu huu hogo lipasuliwe. Nyama zilizobanwa hazingoji asubuhi.

Niliteguka mwaka jana, na mguu ule ule unateguka kila mara. Dawa yake nini? (Mwalimu, Usa River)

Si ya kumeza, mwalimu. Kano zikipona mguu hubaki umesahau kujisawazisha, na usipoufundisha utaendelea kukuangusha. Simama kwa mguu huo mmoja unapopiga mswaki, sekunde 30, karibu na ukuta. Ukizoea, fumba macho. Ongeza kunyanyuka kwa ncha za vidole, kila siku kwa wiki 6 hivi. Ukiona bado unalegea, omba rufaa ya kuonana na daktari wa mifupa na mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali ya KCMC pale Moshi wapo wote.