Anzia kwenye pampu ya Broad Street, ila usikae hapo

Mdogo wangu, umeuliza insha yako juu ya mabadiliko ya dhana ya afya ya jamii ianzie wapi, maana mwalimu kasema "usafi na vyoo" haitoshi. Anza na London, 1854. Daktari John Snow alionyesha kuwa kipindupindu cha mtaa wa Soho kilifuata maji ya pampu moja, ile ya Broad Street, si hewa chafu kama wakubwa wengi walivyoamini. Mpini wa pampu ukaondolewa. Enzi ya vijidudu na chanjo ipitie haraka, kila mtu ataiandika.

Kaa zaidi Tanzania, 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu zaidi ya milioni moja walikutana kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili malaria na kichocho, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Mwananchi akawa mshiriki, si wa kukaguliwa tu na bwana afya. (Usiipambe kupita kiasi, maelekezo ya juu yalikuwepo.) Mwaka 1978, mkutano wa kimataifa wa afya mjini Alma-Ata (leo Almaty, Kazakhstan) ukaitamka afya kuwa haki ya msingi ya binadamu.

Halafu njoo leo: kisukari, presha, ajali za bodaboda. Hapo huna kijidudu cha kukimbiza, unashughulika na soda, chumvi, helmeti na barabara.