ISO haikusanyi mwanga

SWALI: Niko Uyole, Mbeya. Napiga nebula ya Lagoon, wingu la gesi angani, kwa lenzi ya milimita 135, kamera ikiwa juu ya mota ya kufuata nyota. ISO (mpangilio wa kamera wa kung'arisha picha) nimepandisha hadi 6400, lakini wingu bado limefifia na nyota za katikati zimekuwa nyeupe tupu. Fundi mmoja anataka kutoa filta ya ndani ya kamera. Nimpe?

JIBU: Usimpe. Ni kweli filta hiyo hukata sehemu kubwa ya wekundu wa hidrojeni, ule wa nanomita 656 unaotoka kwenye wingu lako, lakini siyo iliyounguza nyota zako. ISO ndiyo iliyoziunguza. Kila kiangazi narudia hili: ISO haikusanyi mwanga hata chembe. Inakuza tu kile ambacho lenzi na muda vimeshakusanya. Ukitoka 800 kwenda 6400, nyota inafika kikomo mara 8 mapema. Nyekundu, kijani na bluu zikishagonga dari pamoja, rangi imekwenda, na programu ya simu inayodai kuirudisha inachora tu ya kwake. Nyota zako za katikati ni kishada cha NGC 6530, nacho kimo ndani ya wingu lenyewe, ndiyo maana huumia mapema.

Rudi ISO 800, tundu la lenzi f/4, faili la RAW, yaani ghafi. Piga picha 60 za sekunde 60, halafu 20 za sekunde 5 kwa ajili ya kishada. Rundika kila fungu peke yake, yaani unganisha picha zake kwa programu ziwe moja. Picha 60 zikirundikwa, chengachenga hupungua karibu mara 8. Kisha chukua kishada kutoka fungu fupi ukipandikize kwenye fungu refu, kingo zikiwa zimelainishwa. Fokasi ifanye kwa mkono kwenye nyota angavu ya Antares, skrini ikikuzwa mara 10, na uirudie kila nusu saa: baridi ya Julai huko huisogeza. Nyota zikivutika, kagua mhimili wa mota kabla ya kuilaumu. Mhimili huo lazima uelekee ncha ya kusini ya anga, na kwa Mbeya ncha hiyo iko nyuzi 9 tu juu ya upeo, rahisi kufichwa na kilima.

Filta hutolewa mahali pasipo na vumbi, na kioo angavu huwekwa badala yake. Wengi wanachomoa na kufunga tu. Hapo fokasi ya otomatiki inakosea, baadhi ya lenzi hazifiki tena kwenye nyota, na, hata kioo kikiwekwa, harusi utakazopiga zinatoka nyekundu usiporekebisha rangi. Fundi asiyeweza kukuonyesha kioo atakachoweka, usimwachie kamera.