Konfidensi na kujisikia ni vitu viwili
Mdogo wangu unaeuliza kama mwenye konfidensi ndo yule anaejisikia, yaani mwenye maringo, hapana aisee. Konfidensi ni kujiamini, unajua unachofanya basi hujishtukii. Nenda pale soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga asubuhi samaki wakishuka, mwambie mama muuzaji samaki wake changu kalala, yaani si wa leo, uone, hapigi kelele wala nini, anakufunulia shavu la samaki tu, jekundu kabisa kuonyesha bado mbichi, na bei haishuki ng'o. Anaejisikia sasa, atakutukana kwanza na samaki mwenyewe macho yashazama 😂. Kwenye kuongea utasikia "yule ana konfidensi" au "konfidensi imemshuka". Na kwenye intavyuu hivohivo, ukiulizwa usichokijua sema sikijui huku unamtazama usoni anaekuuliza, hiyo nayo inahesabika konfidensi.